Mama Nondo ana Maadui Wengi

Sogeeni, wajukuu. Giza limeingia Mushaki, ng'ombe wametulia, na huko juu ya malisho kuna mama mmoja wa rangi ya majivu anaruka peke yake. Urefu wake ni sentimita moja na nusu hivi. Tumboni amebeba mayai 300, pengine 600, na wapo wa jamii yake wanaotaga zaidi ya 1,000. Tangu alipotoka katika kifukofuko chake hajala kitu, wala hatakula mpaka afe, maana mdomo wake haukuumbwa kwa kula. Anaishi kwa shibe aliyojiwekea mwilini alipokuwa kiwavi. Kazi iliyobaki ni moja tu: apate mahali pa kutagia kabla hajaishiwa nguvu, na mahali anapopatamani ni ndani ya mzinga wa nyuki.

Huyo ndiye nondo wa nta. Yuko karibu kila nchi yenye nyuki wa asali, na wafugaji wanamlalamikia kila mahali. Leo tumfuate, tuone ni nani wanaomwinda, yeye na watoto wake. Maana fanyeni hesabu na mimi. Tuseme anataga mayai 300 na yote yanapona. Nusu yake ni majike, yaani 150. Kila jike naye anataga 300. Wajukuu wa mama mmoja wanafika 45,000, na hapo bado hatujafika kwa vitukuu. Kama hesabu hiyo ingetimia kweli, Masisi nzima isingebaki na sega hata moja. Lakini masega yapo, na asali inashuka Goma kila msimu. Kwa hiyo wapo wanaomla.

Ninyi mnaoishi mbali, mjue kwanza tuko wapi. Ukitoka Goma ukapita Sake, barabara inaanza kupanda milima, Ziwa Kivu linabaki nyuma na chini, na hewa inakuwa ya baridi. Huko ndiko Mushaki, katika wilaya ya Masisi. Ni nchi ya malisho ya kijani, viazi, maharagwe na ile jibini ya Masisi inayosifiwa mpaka Goma. Mizigo inashuka kwa magari na kwa chukudu, zile baiskeli za mbao. Mikaratusi imepandwa kila upande, na ikichanua nyuki hawalali njaa. Mizinga ya kienyeji ni magogo yaliyotobolewa, au fito zilizosukwa zikakandikwa samadi ya ng'ombe, kisha zikafunikwa majani mvua isiingie.

Sasa mama nondo anaruka kuelekea mzinga mmoja wa namna hiyo. Hajafika hata nusu ya njia, popo anapita.

Popo hamwoni kwa macho. Anapiga kelele nyembamba mno, kelele inagonga mwili wa nondo na kurudi, naye kwa mwangwi huo anajua nondo yuko wapi na anakwenda upande gani. Sisi hatuisikii. Sikio la mtoto mwenye afya linasikia sauti ya mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, basi. Popo wengi wanapiga kelele juu sana ya hapo. Yuko popo mdogo wa Afrika, wanasayansi wanamwita Cloeotis percivali, ambaye sauti yake inafika mitetemo kama 212,000 kwa sekunde, na ndiyo ya juu kuliko ya popo yeyote anayejulikana.

Mama nondo ana masikio. Yako tumboni, upande wa chini, mahali ambapo tumbo linaungana na kifua. Ni viwambo viwili vidogo ambavyo bila hadubini huvioni. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, huko Scotland, walivipima wakakuta vinasikia mpaka mitetemo 300,000 kwa sekunde. Hakuna mnyama mwingine aliyewahi kupimwa akafika hapo. Mdudu ambaye mtu anamwua kwa kidole bila kufikiri anasikia kuliko mbwa, kuliko paka, kuliko popo anayemwinda! Mimi habari hii huwa inanishangaza kila nikiirudia.

Basi akisikia popo amekaribia, anakunja mabawa na kujiangusha nyasini. Akiwa ametua, anaganda hapo hapo, hatikisi hata mguu. Binamu yake, nondo mdogo wa nta, ana shida nyingine. Madume wa jamii hiyo huwaita majike kwa sauti ya mabawa, nayo ni ya juu kama ya popo. Popo akipita, dume hunyamaza katikati ya wimbo wake, akangoja, kisha akaendelea. Hata hivyo wengi hawawahi. Kati ya popo, mijusi na buibui, nondo kadhaa hawatauona mzinga usiku huu.

Wetu amefika. Na hapa anakutana na adui mkubwa kuliko wote nitakaowataja, ambaye wengi humsahau kwa sababu wanamwona ndiye anayeonewa. Adui huyo ni nyuki.

Mlangoni kuna walinzi, usiku na mchana. Nyuki wa Afrika ni wakali, mnajua wenyewe. Wakimgusa nondo kwa papasi zao wanatambua kuwa harufu si ya nyumbani, wanamrukia, wanamng'ata mabawa, wanamsukuma nje. Kundi likiwa na nyuki wengi, hakuna sega lililo wazi. Kila sehemu imefunikwa na miili inayotembea. Nyufa zenyewe wameziziba kwa gundi wanayoikusanya kwenye miti. Mama nondo akishindwa kuingia hakati tamaa. Anazunguka nyuma ya mzinga, anatafuta ufa kwenye gogo au mahali samadi ilipopasuka, anaingiza ncha ya tumbo lake na kutaga humo. Mayai yake hayafiki hata milimita moja, meupe, yamebanana.

Yakianguliwa, wanatoka viwavi wembamba sana na wepesi wa kukimbia. Hapo ndipo mbio zinapoanza. Kiwavi akiwahi kufika kwenye sega kabla nyuki hajamwona, anaingia ndani ya nta na kuanza kujijengea handaki la hariri. Anakula na kusonga, anakula na kusonga, nyuma anaacha nyuzi na mavi meusi madogo. Ndani ya handaki nyuki hawamfikii kwa urahisi. Asipowahi, nyuki anamshika kwa taya, anaruka naye nje na kumwachia mbali na mlango.

Anakula nini hasa? Watu husema nta, na ni kweli anaimeng'enya, jambo ambalo wanyama wachache duniani wanaliweza. Lakini nta tupu, nyeupe, mpya, haimtoshi kukua vizuri. Anachokitaka ni sega la zamani, lile jeusi, ambalo vizazi vya nyuki vimelelewa humo: kuna mabaki ya chavua, kuna ngozi zilizovuliwa na majana, yaani watoto wa nyuki, kuna vifukofuko. Hiyo ndiyo karamu yake. Akipitisha handaki chini ya vyumba vya majana, nyuzi zake zinawanasa. Nyuki mchanga aliyekwisha kukomaa anatoboa kifuniko, kichwa kinatoka, mwili unakataa. Amefungwa miguu kama mbuzi wa sokoni, na atafia hapo chumbani mwake. Ukifungua mzinga ukaona safu ya vichwa vya nyuki vinavyochungulia bila kutoka, ujue nani amepita chini.

Kiwavi akishiba anafika karibu sentimita 3. Anatafuta ubao au ukuta wa gogo, anautafuna mpaka anapata kishimo cha kumtosha, anajisokotea kifukofuko kigumu ndani yake. Vifukofuko hivyo hupangana ubavu kwa ubavu, makumi kwa makumi, na mbao zinabaki na makovu ambayo hayafutiki.

Mushaki ina silaha moja ambayo Sake na nchi za chini hazina kwa kiasi hicho, nayo ni baridi. Kwenye joto la nyuzi 30 na kitu, yai la nondo huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5. Kwenye baridi, linaweza kukaa mwezi mzima. Kiwavi naye, ambaye katika joto na chakula kingi humaliza kukua kwa mwezi mmoja hivi, kwenye baridi na njaa anajikokota miezi minne, mitano. Ndiyo maana milimani nondo huyu hana nguvu kama bondeni. Ila kuna fumbo hapa. Katikati ya mzinga, mahali majana wanapolelewa, nyuki huweka joto la nyuzi 34 au 35, kwa kutetemesha misuli ya kifua. Joto hilo hilo wanalowapikia watoto wao ndilo linalomfaa kiwavi wa nondo. Baridi ya Mushaki inamkaba kwenye ufa wa nje na kwenye masega yaliyowekwa kando. Akishaingia katikati ya kundi dhaifu, amepata moto wa bure.

Tuendelee na wanaomla. Chungu na sisimizi huokota mayai na viwavi wachanga popote wanapowakuta, kwa hiyo mtu anaweza kuwaita rafiki. Mimi siwaiti. Siafu wakipanda mzinga hawachagui. Watabeba viwavi wa nondo, watabeba majana, watakunywa asali, na kundi litahama usiku huo huo kama limebahatika. Mfugaji anayepaka majivu au mafuta machafu kwenye nguzo za mzinga hafanyi makosa kwa sababu tu sisimizi wanakula nondo.

Rafiki wa kweli ni nyigu mmoja mdogo, naye si yule mnayemkimbia. Huyu ana urefu wa milimita 3 au 4, mweusi, na hawezi kumuuma mtu. Jina lake la kisayansi ni Apanteles galleriae. Jike la nyigu huyu linatembea juu ya masega likipapasa kwa papasi, linafuata harufu ya kiwavi mchanga wa nondo. Likimpata, linamchoma na kuacha yai moja ndani ya mwili wake. Kiwavi haoni tofauti. Anaendelea kula, anaendelea kuchimba handaki, lakini tumboni mwake kuna mpangaji anayemla taratibu. Siku inafika mpangaji anatoboa ubavu, anatoka, anajisokotea kifukofuko cheupe kidogo pembeni ya kiwavi aliyekwisha kufa. Baada ya siku chache anaruka nyigu mwingine, naye anaanza kutafuta kiwavi wake.

Ndugu yake, Bracon hebetor, ana njia tofauti. Yeye anawataka viwavi wakubwa. Anamchoma mmoja kwa sumu mpaka anapooza, kisha anataga mayai kadhaa juu ya ngozi, nje. Watoto wakianguliwa wanakuta chakula kimelala, hakikimbii na hakiozi. Huyu ameajiriwa na wakulima. Huko Niger na Burkina Faso kuna kiwavi anayeharibu masuke ya uwele. Watu hushona vifuko vya gunia, wanatia ndani nafaka kidogo, viwavi wa nondo wa mchele na majike ya nyigu huyu, kisha wanavining'iniza kandokando ya mashamba. Nyigu wanazaliana ndani ya kifuko, wanapenya kwenye matundu ya gunia, wanakwenda kazini. Kwenye mzinga uliojaa nyuki nyigu hawa hawana nafasi kubwa, kwa sababu walinzi hawabagui wageni. Faida yao iko kwenye makundi dhaifu na kwenye masega yaliyowekwa ghalani.

Kuna na maadui wasioonekana. Mwaka 1901 Mjapani Shigetane Ishiwata alikuta bakteria fulani akiua viwavi wa hariri. Mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner alimweleza bakteria huyo huyo kutoka kwa viwavi wa nondo wa unga, akampa jina la jimbo la Thüringen: Bacillus thuringiensis. Bakteria huyu hutengeneza fuwele. Kiwavi akiimeza pamoja na nta, fuwele inayeyuka tumboni mwake, inatoboa utumbo, naye anaacha kula na kufa. Aina inayotumiwa kwa nondo haiwadhuru nyuki, kwa hiyo katika nchi kadhaa wafugaji wamekuwa wakiinyunyizia masega kabla ya kuyaweka akiba.

Na minyoo ya udongoni je? Hii mtaipenda. Kuna minyoo midogo mno ambayo humwingia mdudu, na ndani yake imebeba bakteria wa kumwua. Tangu mwaka 1975, wanasayansi wakitaka kujua kama udongo fulani una minyoo hiyo, wanachukua udongo wanautia kwenye chombo, wanaweka humo viwavi wa nondo wa nta, wanangoja. Wakifa wakawa wekundu wa tofali, ni jamii moja ya minyoo. Wakiwa wa kahawia au kijivu, ni nyingine. Wale wekundu, ukiwaweka gizani ukazoea giza kwa muda, wanatoa mwanga hafifu, kwa sababu bakteria waliomo wanang'aa. Minyoo ya namna hiyo imepatikana katika udongo wa Rwanda, hapo ng'ambo tu ya ziwa letu. Kiwavi wa nondo mwenyewe kwa kawaida hashuki ardhini, anajifungia mbaoni, kwa hiyo porini hawakutani mara nyingi. Ila maabara zimemfanya chambo cha dunia nzima.

Nimemwacha ndege makusudi, maana namheshimu. Ni mlembe, ndege wa asali. Mwanasayansi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Hussein Isack, alifuatana na Waborana wa kaskazini mwa Kenya, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walitangaza walichokipima: bila ndege, warina asali walihitaji karibu saa 9 kupata kundi la nyuki, wakiongozwa na mlembe, saa 3 na kidogo. Mlembe anaita, anaruka mti hadi mti, mtu anamfuata, mtu anapasua mzinga, ndege anabaki na masega. Yule anayeongoza watu anapenda nchi ya miti ya wazi, na huku milimani kwetu, kwenye misitu kama ya Kahuzi-Biega, wako walembe wengine wadogo zaidi.

Mlembe anakula nta na anaimeng'enya. Mliwahi kusikia mwingine anayeweza? Ndiyo, kiwavi wa nondo, tumemtaja sasa hivi. Hawa wawili wanagombea sega moja lililoachwa, na mlembe ameupatia ugomvi huo ufumbuzi mfupi: anakula nta, na viwavi waliomo anawala pia. Kiwavi aliyenona kwa nta ya miezi miwili anamalizika kwa mmezo mmoja.

Sasa mtaniuliza, kama maadui ni wengi hivi, mbona nondo hajaisha? Kwa sababu kila siku kuna mahali nyuki wamepungua. Malkia amekufa, njaa imeingia, siafu wamepita, kundi limehama. Masega yanabaki bila mtu juu yake, na mama nondo anaingia mlangoni bila kuulizwa. Februari 2023 vita vilipofika Mushaki, familia nyingi zilishuka Sake na Goma na kile walichoweza kubeba. Mzinga haubebwi kichwani ukikimbia na watoto. Nyuki hawamhitaji mtu ili waishi, wanajilisha na kujilinda wenyewe. Lakini mzinga ukiangushwa au ukipasuka, kundi likaondoka, hakuna wa kuyayeyusha yale masega kwa wakati. Mtu akirudi anakuta utando, mavi meusi na mbao zilizotafunwa, na anasema nondo ameua nyuki wake. Nondo alikuta nyumba tupu.

Na kwenye nyumba tupu ana kazi yake. Porini, kundi likifia ndani ya tundu la mti, labda kwa ugonjwa, masega yale machafu yangebaki humo kwa miaka. Viwavi wa nondo wanayala mpaka yanakuwa vumbi na nyuzi. Msimu mwingine nyuki wapelelezi wakija kutafuta makao, wanakuta tundu lina nafasi, wanajenga nta mpya. Hapo sitaki mlembe awamalize viwavi wote.

Kwa hiyo mfugaji mwenye akili hamtafuti nondo mmoja mmoja. Anaangalia kundi. Likiwa dogo, analipunguzia nafasi ili nyuki wafunike masega yao yote. Sega lililozeeka likawa jeusi anakata na kuyeyusha. Ya akiba anayatundika penye mwanga na hewa inayopita, yakiachana, kwa kuwa nondo anapenda giza na joto lililotulia. Wenye umeme na mashine ya kugandisha wanayaweka humo: kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, saa 2 zinatosha kuua mayai, viwavi na nondo wenyewe.

Asubuhi moja mkiwa na mtu mzima anayejua nyuki, pitieni mbele ya mzinga wa jirani, kwa mbali na bila kelele, jua halijapanda. Tazameni ardhi iliyo chini ya mlango. Mkiona viwavi weupe wametupwa pale, wengine bado wanajikunja na sisimizi wameshafika kuwachukua, msikimbie kumwambia mwenye mzinga kwamba nyuki wake wameingiliwa. Mwambieni walinzi wake wamekesha. Lakini mkiona nyuki mmoja mmoja, na nyuzi nyeupe mlangoni, mwiteni haraka aje na moshi na kisu, akate masega yaliyoharibika na kuyeyusha nta iliyosalia siku hiyo hiyo, kabla wale waliomo vifukofukoni hawajaota mabawa.